Maonesho ya sanaa kuhusu jamii, utambulisho na uhamaji, Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maonesho ya namna hii yanahusu nini hasa?

Watu na njia zao: nani alitoka wapi, alibeba nini, na huko alikofika anaitwa nani. Kusini hatuhitaji kuazima mada hii. Chukua neno "machinga" tu. Wamachinga ni watu wa Lindi, lakini leo kijana anayetembeza soksi Mwanza, hata kama kwao ni Ukerewe na Lindi hajawahi kuiona, naye anaitwa machinga. Jina la kabila limesafiri likageuka jina la kazi. Msanii akilishika vizuri hilo moja, chumba kizima kimejaa.

Nje nako mada hii ina uzito. Mwaka 2024 Tanzania ilishiriki kwa mara ya kwanza na banda lake kwenye maonesho makubwa ya Venice, Italia, na kauli ya maonesho yote mwaka huo ilikuwa "wageni kila mahali".

Ni lazima kazi ziwe za "kisasa"? Kisasa maana yake nini?

Maana yake ni kwamba kazi inasema jambo la wakati wetu. Inaweza kuwa kinyago, picha ya rangi, picha za kamera, video, sauti, mkeka, kanga zilizotundikwa, au rundo la mabegi ya shangazi kaja. Chombo hakijalishi. Kinachokataliwa ni kupanga vinyago mezani kama dukani, kila kimoja na bei, kisha kuandika juu "Utamaduni wetu".

Tuanze na historia ipi? Ziko nyingi.

Ziko nyingi mno, na hapa ndipo maonesho mengi yanapokufa: mratibu anataka kuzibeba zote. Chagua njia moja, uifuate mpaka mwisho wake. Hizi ni baadhi.

Njia ya Ruvuma. Wamakonde wako pande zote mbili za mto, na mpaka uliwekwa juu yao. Vita ya ukombozi ya Msumbiji ilipoanza Septemba 1964, maelfu walivuka kuja huku. Rutamba, mkoani Lindi, palikuwa na makazi ya wakimbizi, na Nachingwea palikuwa na kambi ya mafunzo ya FRELIMO. Baada ya uhuru wa Juni 1975 wengine walirudi na wengine wakabaki. Tangu Oktoba 2017, machafuko ya Cabo Delgado yamewavusha watu tena mto uleule. Bibi mmoja anaweza kuwa amevuka mara mbili katika maisha yake.

Njia ya mkonge na miwa. Wamakonde waliokwenda Kenya kufanya kazi mashambani walikaa miongo mingi bila uraia. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai vitambulisho, na baadaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Kama maonesho yako yana neno "utambulisho" kwenye jina lake, hapa ndipo neno hilo linapogusa karatasi yenye picha na namba.

Njia ya watumwa. Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani zilikuwa bandari za biashara hiyo. Mwaka 1876 wamisheni wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, waliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha makazi. Njia hii ina hoja nzito, lakini ni nyeti kuliko zote. Usimwandike mtu au ukoo kuwa ni uzao wa watumwa hata kama mtaa mzima unasema hivyo, mpaka wenyewe wakubali kwa maneno yao.

Njia ya vitu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, Lindi, na wapagazi wakaibeba kichwani mpaka bandarini. Mmoja wa wanyama hao, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, amesimama kwenye makumbusho ya Berlin tangu 1937. Huna haja ya kuomba mfupa. Mizigo mitupu ya kichwani iliyopangwa mstari mmoja sakafuni inatosha kuuliza swali.

Halafu kuna mradi wa Waingereza wa karanga Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, operesheni vijiji ya miaka ya 1970, na vijana wanaokwenda Dar kila mwaka. Hizi ni karibu sana na watu walio hai, hivyo picha za familia na sauti ni rahisi kuzipata.

Vinyago vya Kimakonde si sanaa ya kale? Vinaingiaje hapa?

Vingi vya vile watu wanavyoviita "vya asili" vina umri mdogo kuliko reli ya kati. Mtindo wa shetani, ule wa mapepo yenye maumbo ya ajabu, ulianza miaka ya 1950 kwa mkono wa Samaki Likankoa, mchongaji aliyetoka Msumbiji akafanya kazi Dar es Salaam. Mti wa ujamaa, ule wa watu waliobebana kutoka chini hadi juu, nao ni wa wachongaji hao waliohama, na ulikua pamoja na soko la mjini na siasa za wakati wake. Edward Saidi Tingatinga alitoka kusini akapitia mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kufika Dar, ambako alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi ya kung'aa ya madukani juu ya mbao laini za dari. George Lilanga, aliyezaliwa 1934 kwa wazazi wa Kimakonde, alitoka kwenye uchongaji akaingia kwenye rangi alipokuwa Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam.

Kwa hiyo kinyago cha mpingo ni hati ya uhamaji. Kosa ni kukionesha kana kwamba kimeota chini ya mwembe wa kijijini. Mwambie mtazamaji kimepita wapi.

Tunaweza kuonesha mapiko, midimu na vifaa vya jando na unyago?

Uliza kwanza, na uwaulize watu sahihi. Lipiko (wingi wake mapiko) ni kinyago cha kuvaliwa kwenye ngoma, kama ilivyo midimu, na kwa desturi mwanamke na mtoto ambaye hajapita jandoni hawakutakiwa kujua ni nani aliye ndani yake. Siku hizi mapiko huchezwa hadharani, hata kwenye MaKuYa, tamasha la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao huko Mtwara, lakini kuchezwa hadharani hakumaanishi kwamba kila kilichomo kimeruhusiwa kuwekwa juu ya meza na kupigwa taa.

Utaratibu unaofaa: bisha hodi kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa na mtendaji, kisha wakupeleke kwa mafundi wa ngoma, ngariba na makungwi. Makungwi waendewe na mwanamke. Peleka picha ya kila kitu unachotaka kuonesha, usipeleke orodha ya maneno. Wakisema hiki hapana, usibishane. Kiti kitupu chenye maandishi "Kitu hiki kimebaki kwa wenyewe" kinafanya kazi nzuri kuliko kitu chenyewe. Mafunzo ya unyago yasirekodiwe hata kama mtu mmoja amekubali, kwa sababu si mali ya mtu mmoja.

Tumepewa kinyago cha zamani. Tukioneshe?

Jua kwanza kilivyofika mkononi mwa aliyekupa. Mwaka 1984 vitu viliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kikiwemo kinyago cha Kimakonde kilichokuja kuonekana Geneva, kwenye makumbusho ya Barbier-Mueller. Kilirudi 2010, miaka 26 baadaye.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na pia milango na fremu za kuchonga za kabla ya 1940. Huo mwaka wa pili ndio unaowanasa watu wa Mikindani, Lindi na Kilwa, maana mlango wa nyumba ya babu huonekana ni mbao tu. Kuuonesha ulipo ni jambo moja. Kuung'oa na kuuhamisha ni jambo la idara ya mambo ya kale.

Vibali vinaanzia wapi?

Kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri. Yeye ndiye atakayekuelekeza BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kwa kibali na usajili wa wasanii. Nenda miezi miwili kabla, ukiwa na ukurasa mmoja wa maelezo, orodha ya kazi, jina la ukumbi na tarehe. Kama kuna picha za bandari, mitambo ya gesi au vivuko vya mpakani, ziombewe ruhusa kabla ya kupigwa.

Msanii wa Msumbiji anaweza kuja kwa Daraja la Umoja, Mtambaswala. Kazi zake ziwe na orodha yenye picha, vipimo, uzito na thamani ya kila moja, na zitangazwe forodhani kwamba zinaingia kwa muda na zitarudi. Orodha bila picha ndiyo inayoleta kesho-njoo mpakani, kwa sababu afisa hawezi kujua kama kinachotoka ndicho kilichoingia.

Tufanye mwezi gani?

Juni hadi Oktoba. Mvua za kusini hushuka kuanzia Desemba hadi Aprili, chumba kinakuwa na unyevu na barabara ya Dar haiaminiki. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika maeneo ya Somanga, na wenye mizigo wakasubiri. Juni na Julai watoto wako likizo na shughuli za jando ni nyingi, kwa hiyo angalia usigongane na ngoma kubwa, ngoma itakushinda. Oktoba minada ya korosho imeanza na watu wana fedha, lakini wa vijijini wako mashambani wanaokota. Angalia Ramadhani pia, maana kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11.

Jengo letu ni la zamani, la mawe ya matumbawe na chokaa. Tunatundikaje picha?

Usipige msumari. Chokaa ya zamani haishiki: msumari unaingia kama kwenye unga, unatoka na kipande cha plasta, na ukiweka fisha na skrubu tundu linazidi kupanuka. Kuta hizo pia zinavuta chumvi na maji kutoka chini, hivyo chochote kinachogusa ukuta kwa wiki mbili kinaota ukungu nyuma. Kama jengo liko ndani ya eneo la hifadhi ya kihistoria, kutoboa ni kosa pia.

Simamisha kuta zako mwenyewe. Ukuta mmoja: shiti moja ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8, milimita 9 au 12, juu ya fremu ya mbao mbili kwa mbili, yenye mikono miwili ya pembetatu nyuma. Kila mkono uende nyuma angalau sentimita 80, na ukandamizwe na kiroba cha mchanga cha kilo 25. Unganisha kuta mbili kwa pembe kila inapowezekana. Ukuta uliosimama peke yake unaangushwa na upepo wa kusi dirishani. Acha sentimita 15 kutoka ukuta wa mawe ili hewa ipite. Paka rangi ya maji nyeupe iliyofifia, mara mbili, na iache ikauke siku tatu kabla ya kutundika. Picha ikiegemezwa kwenye rangi mbichi hubeba rangi hiyo mgongoni.

Katikati ya picha pawe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Kipimo hiki ni cha katikati ya picha, si cha juu yake. Ukitumia ukingo wa juu, picha ndogo na kubwa zitapanda na kushuka kama meno ya msumeno.

Kwa nini vinyago vya mpingo vinapasuka, na tufanyeje?

Mpingo ni mzito kuliko maji na hukauka polepole sana. Gogo hupoteza maji haraka zaidi kwenye ncha kuliko katikati. Ncha zinasinyaa, katikati inakataa, mti unachanika. Wachongaji wengi huuza kazi ikiwa bado haijakauka ndani, kwa sababu mti mbichi ni rahisi kwa tezo na patasi, na kwa sababu ada za shule hazisubiri. Kisha kazi inatoka kwenye banda la makuti lenye hewa ya bahari, inawekwa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Baada ya siku nne unasikia mlio.

Mlete mgeni taratibu. Kazi ikifika, iache ndani ya sanduku ikiwa imevikwa shuka la pamba kwa wiki moja, fungua mfuniko siku chache, ndipo uitoe. Kiyoyozi kisiwashwe na kuzimwa. Bora kisiwepo, madirisha yawe wazi na pazia jepesi. Feni isielekezwe kwenye kazi. Taa isiwe karibu zaidi ya mita moja na nusu. Kwa gogo ambalo bado linachongwa, nta kwenye ncha zote mbili inasaidia.

Ufa ukitokea, piga picha, andika tarehe na urefu wake, mjulishe msanii. Usijaze gundi na kiwi. Kiwi ndiyo hila ya mbao nyeupe zinazouzwa kama mpingo, na mtazamaji anayejua atadhani umemletea feki. Ukitaka kuhakikisha, geuza kazi uangalie chini: mpingo wa kweli huwa mweusi wenye zambarau ndani, na mara nyingi una ukanda mwembamba wa rangi ya maziwa kwenye ukingo.

Uzito usiuchukulie kirahisi. Gogo la kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita moja na nusu lina kilo 120 na ushei kabla ya kuchongwa. Mti wa ujamaa uwekwe juu ya jukwaa pana la sentimita 15 tu kwenda juu. Ukiuweka juu ya meza, mtoto wa darasa la tatu ataukumbatia, nao utamfuata. Kazi ndogo ndizo zipande kwenye visanduku vya sentimita 90 hadi 100.

Mikeka, vikapu na kanga vina wadudu. Dawa gani?

Usipulize dawa ya mbu. Inaacha madoa na haiui mayai. Funga kitu kwenye nailoni nzito, toa hewa, ziba kwa utepe, weka kwenye friza la nyumbani kwa wiki mbili. Ukitoa, usifungue mpaka siku ya pili, ili maji yashike nje ya nailoni na si kwenye ukili. Mpingo na kazi zilizopakwa rangi haziingii friza kabisa.

Kanga na picha za karatasi hupauka kwa mwanga. Ziwe mbali na dirisha, chini ya taa hafifu za LED. Wenye kipimo cha mwanga walenge laksi 50. Mbao zinavumilia mpaka laksi 200.

Video na sauti zinatusumbua. Kuna njia rahisi?

Acha kompyuta nyumbani. Weka video kwenye flashi, ichomeke kwenye televisheni, chagua irudie yenyewe. Umeme ukikatika na kurudi, televisheni nyingi hazianzi tena bila kubonyezwa, kwa hiyo kuwe na mtu mmoja mwenye rimoti na jina lake kwenye zamu. Weka stebilaiza. Projekta inahitaji giza, na giza Mtwara saa nane mchana maana yake ni chumba kilichofungwa na joto la kumtoa mtu mbio. Televisheni ya inchi 43 inashinda.

Sauti mbili katika chumba kimoja zinauana. Tumia hedifoni kwa simulizi za mtu mmoja, na benchi la kukaa: hakuna anayesikiliza dakika sita akiwa amesimama. Simulizi ikiwa kwa Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, iache kwa lugha hiyo na uweke maandishi ya Kiswahili chini. Kuitafsiri kwa sauti ya mtangazaji kunamwondoa msemaji.

Lebo iandikwe nini?

Ndiyo sehemu tunayoipigania kuliko zote. Lebo ya kawaida ina jina, mwaka na aina ya mti. Kwa maonesho ya uhamaji ongeza njia: mti ulikatwa wapi, nani alichonga na yeye katoka wapi, kazi imekaa kwa nani kabla ya kufika hapa. Mfano wa kubuni: "Mzigo. Mpingo, sm 64, kilo 11. Imechongwa Mtwara Mikindani 2023 na mchongaji aliyezaliwa Mueda, Msumbiji. Mti umetoka msitu wa kijiji, wilaya ya Kilwa. Imeazimwa na familia, Tandahimba."

Maneno yasizidi 70, herufi za pointi 18 kwenda juu, wino mweusi juu ya karatasi isiyong'aa. Kiswahili kitangulie. Mpe muuza samaki asome kwa sauti. Anapokwama ndipo pa kuandika upya.

Kuwa mwangalifu na majina ya watu. "Wamavia", jina ambalo majirani wamewaita Wamakonde wa Msumbiji, wapo wanaolisikia kama tusi. Andika jina ambalo mwenyewe anajiita.

Mtu aliyekimbia vita amekubali kutoa picha na sauti yake. Inatosha?

Haitoshi. Ana ndugu ng'ambo, na picha iliyowekwa ukutani Mtwara jioni hiyohiyo iko kwenye simu Palma, Msumbiji. Mweleze kwa lugha yake itaoneshwa wapi, kwa muda gani, na kwamba watu watapiga picha. Mpe siku tatu za kufikiri. Rudi na kazi iliyokamilika aione kabla ya ufunguzi. Akibadili mawazo hata asubuhi ya ufunguzi, inatolewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka ridhaa. Andika karatasi, au rekodi ridhaa ya sauti kwa asiyeandika. Mikono, viatu, ufunguo wa nyumba iliyoachwa, vinaweza kusema bila kumwonesha uso.

Wasanii walipweje?

Kuna malipo mawili yanayochanganywa: ada ya kuonesha, na fedha ya mauzo. Ya kwanza hulipwa hata kama hakuna kilichouzwa. Ya pili, asilimia ya mwenye ukumbi iandikwe kabla kazi haijatoka kwa msanii. Hakimiliki inabaki kwake chini ya sheria ya 1999. Kununua kinyago hakukupi ruhusa ya kukichapa kwenye fulana. Wasimulizi nao walipwe posho ya siku waliyoipoteza shambani au baharini.

Mgeni amenunua kazi ya mpingo, anataka kuondoka nayo.

Mpingo uko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017. Bidhaa iliyokamilika isiyozidi kilo 10 za mti huo kwa mzigo mmoja imesamehewa; ikizidi, anahitaji kibali cha CITES kabla ya kusafiri. Mpe risiti yenye jina la msanii, uzito na neno "mpingo". Kwa usafirishaji wa ndani kwa gari, waulize TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kuhusu hati ya kusafirishia mazao ya misitu, hasa kama kuna magogo au kazi nyingi kwa pamoja. Pembe za ndovu, hata kipande kidogo kilichopachikwa kama jicho au jino, zisikaribie maonesho.

Tukimaliza, kuta za plaiwudi tufanyie nini?

Zifungue kwa skrubu, usivunje. Andika namba nyuma ya kila fremu na mkono wake, zihifadhi zikiwa zimesimama juu ya matofali, mbali na ukuta, maana mchwa huanzia sakafuni. Rudisha kazi kwa wenyewe ndani ya siku 14, kila moja na karatasi ya hali yake ilivyofika na inavyoondoka, ikiwa na saini mbili.